Jiolojia, Boom na Miezi ya Kukaa: Piga Hesabu Kabla ya Kujaza Kozi

Mwezi wa saba mwaka jana, dirisha la udahili likiwa limefunguliwa, mtoto wa mjomba wangu alinipigia simu saa nne usiku kutoka Singida. Kamaliza kidato cha sita, PGM, kafaulu vizuri. Mimi nilikuwa fildi, nimetoka kutembea na nyundo juani kutwa nzima, miguu imejaa malengelenge.

“Shikamoo kaka. Nina kozi tatu hapa: jiolojia, jiolojia ya petroli na jiolojia ya uhandisi. Baba anasema nichague yenye hela. Ipi ina hela?”

Kabla sijajibu nikamsikia mjomba nyuma yake: “Muulize na hilo deni litaisha lini! Nisije nikauza kiwanja bure!”

Nikafungua mdomo kujibu, nikakuta sina jibu. Mwaka wa nne huo, nasoma jiolojia kwa mkopo wa Bodi, na sikuwahi kukaa chini nikapiga hesabu ya deni langu mwenyewe. Nikamwambia anipe siku mbili. Makala hii ni zile siku mbili, pamoja na mambo niliyoyajua baadaye. Naiandika kwa ajili ya wadogo zetu wanaojaza kozi, wenzetu wa mwaka wa kwanza wanaofikiria kuhama, na sisi wa mwaka wa mwisho tunaojifanya hatulioni deni.

Somo la 1: Deni lenyewe ni shilingi ngapi?

Mwulize mwanachuo wa mwaka wa tatu boom linaingia lini, atakutajia mpaka saa. Mwulize anadaiwa shilingi ngapi mpaka leo, atacheka tu. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Boom tunalijua, deni hatulijui, na vyote viwili ni hela ileile.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kukadiria, kwa hiyo weka za chuo chako. Tuseme ada ni 1,300,000 kwa mwaka. Boom la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kwa siku 230 inakuwa 2,300,000. Vitabu na viandikwa 200,000. Fildi 500,000. Jumla ni 4,300,000 kwa mwaka. Bodi ikikupangia asilimia 70, unakopa 3,010,000 kila mwaka. Kwa kozi ya miaka minne ni karibu milioni 12. Ile asilimia 30 iliyobaki, yaani 1,290,000 kwa mwaka, inatoka nyumbani. Kwa miaka minne ni 5,160,000. Kumbuka namba hiyo ya pili, tutairudia, maana ndiyo kiwanja cha mjomba.

Milioni 12 zinalipwaje? Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara, wakati awali makato yalikuwa asilimia 8. Basi hesabu inakuwa hivi. Mshahara wa 700,000 unakatwa 105,000, deni linaisha baada ya miezi 115, yaani zaidi ya miaka 9 na nusu. Mshahara wa 1,000,000 unakatwa 150,000, unamaliza kwa miezi 80. Mshahara wa 2,000,000 unakatwa 300,000, unamaliza kwa miezi 40.

Lakini Bodi haikati peke yake. Chukua huyo wa 700,000 aliyeajiriwa sekta binafsi. NSSF asilimia 10 inachukua 70,000. Kodi ya mshahara inachukua 42,000. Bodi 105,000. Anaondoka na 483,000. Hapo hajalipa kodi ya chumba, hajapanda daladala, na mama hajapiga simu.

Sasa habari njema, na wengi wetu hatujui uzito wake. Mpaka mwaka 2021 mkopo ulikuwa unaongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la tozo ya kulinda thamani. Siku ya Mei Mosi mwaka huo Rais Samia alitangaza kuiondoa, na mwaka huohuo ikaondolewa pia ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Rudi kwenye mfano wetu. Asilimia 6 ya milioni 12 ni 720,000 kwa mwaka, sawa na 60,000 kwa mwezi. Mtu wa mshahara wa 700,000 angekatwa 105,000, halafu 60,000 kati ya hizo zingeliwa na tozo, na deni lingepungua kwa 45,000 tu. Leo 105,000 yote inakwenda kupunguza deni. Kwa hiyo braza aliyemaliza 2014 akikuambia “usithubutu kukopa, lile deni halishi,” hakudanganyi. Anakusimulia deni la zama zake.

Somo ninalolitoa hapa ni hili: ndani ya chuo kimoja, deni la kozi moja na la kozi nyingine halipishani sana. Boom ni lilelile kwa mtu wa jiolojia na mtu wa petroli. Vitabu vilevile. Kinachopishana ni ada kidogo, fildi kidogo, na zaidi ya vyote idadi ya miaka. Kozi ya miaka minne dhidi ya kozi ya miaka mitatu inaongeza deni la milioni 3. Na kama ungepata kazi ya 700,000 mapema, inakuondolea pia mwaka mzima wa zile 483,000, karibu milioni 5.8. Jumla karibu milioni 9. Huo mwaka wa nne uwe na kitu ndani yake: fildi ya kweli, tafiti ya kweli, ujuzi ambao mtu wa miaka mitatu hana. Angalia mtaala, usiangalie jina la kozi.

Somo la 2: Mshahara wa kijiweni na mshahara wa mwaka

Kama deni halipishani sana, basi kinachopishana ni kipato. Na hapa ndipo tunapodanganyana kuliko mahali pote.

Kijiweni utasikia, “Jamaa yuko saiti huko Chunya, anavuta milioni na laki nne.” Hakuna anayeuliza anavuta kwa miezi mingapi. Kazi nyingi za kwanza za mjiolojia ni za utafutaji: kuchukua sampuli za udongo, kusimamia uchorongaji, kusoma mawe yanayotoka kwenye shimo na kuyaandika. Kazi hizo zinakwenda na bajeti ya uchorongaji. Hela ya mwekezaji ikiisha, mtambo unafungwa, kambi inavunjwa, na wewe unarudi nyumbani na begi lako. Mvua kubwa nazo huwa zinasimamisha kazi.

Tulinganishe watu wawili wa kubuni. Wa kwanza analipwa 1,400,000 kwa mwezi, ila kwa miezi 7 tu ya mwaka. Wa pili analipwa 800,000, miezi yote 12. Kijiweni wa kwanza ni tajiri, wa pili ni mwenzetu.

Kwa mwaka, wa kwanza anaingiza 9,800,000 na wa pili 9,600,000. Wamekaribiana sana. Sasa kata. Wa kwanza kila mwezi anakatwa NSSF 140,000, kodi 206,000 na Bodi 210,000, anabaki na 844,000. Zidisha kwa 7, anapata 5,908,000. Wa pili anakatwa NSSF 80,000, kodi 60,000 na Bodi 120,000, anabaki na 540,000. Zidisha kwa 12, anapata 6,480,000. Yule “mwenzetu” kaondoka na zaidi ya nusu milioni kumpita “tajiri”. Kodi inakatwa mwezi kwa mwezi kadiri mshahara unavyopanda, haijui kama mwezi ujao utakuwa umekaa.

Na deni je? Wa kwanza anapunguza 1,470,000 kwa mwaka, wa pili 1,440,000. Wote wawili watalipa milioni 12 kwa miaka 8 na kidogo.

Tumtendee haki wa kwanza. Kambini mara nyingi chakula na malala ni vya kampuni, kwa hiyo ile 844,000 haiguswi sana kama hana mambo mengi. Akiwa na nidhamu, ile miezi 5 ya kukaa anaweza kuilisha kwa akiba ya miezi 7. Pia anakusanya uzoefu ambao unalipa baadaye. Kampuni nyingi zinazotafuta madini hapa nchini zimesajiliwa kwenye soko la hisa la Australia, na ripoti za kiasi cha madini kwenye soko hilo zinafuata kanuni za JORC. Anayesimamia ripoti hiyo lazima awe na uzoefu usiopungua miaka 5 katika aina hiyo ya madini na awe mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambulika. Mtu wa namna hiyo hapimwi kwa mshahara wa mwanzo. Kwa hiyo miezi ya kambini ina thamani. Ninachosema ni kwamba unapoambiwa mshahara, uliza maswali mawili: kwa miezi mingapi, na ukiisha mkataba wa kwanza ilichukua muda gani kupata wa pili. Mtu aliyekaa mtaani mwaka mmoja na nusu kati ya mikataba miwili hakuhadithii sehemu hiyo mpaka umuulize.

Somo la 3: Bei ya leo siyo ajira ya siku unapomaliza

Mtoto wa mjomba alikuwa na sababu ya kuitaja petroli. Shuleni kwao mwalimu aliwaambia gesi ya Mtwara na Lindi itatoa mabilionea. Mwalimu hakukosea kuhusu gesi. Kuanzia mwaka 2010 kampuni za nje zilichimba visima kwenye bahari ya kina kirefu kusini mwa nchi yetu na kukuta gesi nyingi mno. Makadirio ya nchi yakafika futi za ujazo trilioni 57. Miaka hiyo pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100. Kila mtu alitaka kusoma petroli, na vyuo vikafungua programu.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mtu aliyeingia mwaka wa kwanza Oktoba 2012, kozi ya miaka minne. Katikati ya mwaka 2014, akiwa anamaliza mwaka wa pili, bei ya mafuta ikaanza kuporomoka. Januari 2016 ikagusa chini ya dola 30. Kampuni za mafuta duniani kote zikapunguza watu na kusimamisha utafutaji. Huyu ndugu yetu akavaa joho mwaka 2016. Ule mradi mkubwa wa kusindika gesi kule Lindi, uliokuwa unazungumzwa tangu akiwa chuoni, miaka kumi baadaye ulikuwa bado kwenye mazungumzo. Yeye hakufeli mtihani wowote. Alichagua kwa bei ya 2012, akauzwa sokoni kwa bei ya 2016.

Dhahabu nayo ni vilevile, ila tumesahau kwa sababu baadaye ilipanda. Mwaka 2011 ilifika karibu dola 1,900 kwa wakia. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa imeshuka hadi dola 1,060 hivi. Mwaka 2025 ilivuka 3,000. Aliyeingia mwaka huo akiona hiyo 3,000 alihisi mlango uko wazi. Yawezekana. Lakini yeye atafika mlangoni baada ya miaka minne.

Kuna na muda wa mradi wenyewe. Nikeli ya Kabanga kule Ngara ilijulikana tangu miaka ya 1970. Serikali ilisaini makubaliano na mwekezaji Januari 2021, wakati baba zetu wa jiolojia waliotembea lile eneo mara ya kwanza walishastaafu. Ugunduzi ni habari ya gazetini, mgodi ni suala la mtaji, umeme, barabara na sheria. Na mgodi ukishafunguliwa una siku zake za kuishi. Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kumaliza mwaka 2021. Miaka 12. Ni mirefu kidogo tu kuliko ile miaka 9 na nusu ya kulipa deni kwa mshahara wa 700,000, na ni mifupi sana kwa mtu anayetaka kufanya kazi mpaka miaka 60.

Na tusichanganye ajira za mradi na ajira za mjiolojia. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443. Bomba linataka wachomeleaji, wahandisi, madereva, watu wa mazingira na fidia. Wajiolojia linawataka, lakini wachache. Ukisikia “mradi mkubwa,” uliza: ndani yake mtu wa fani yangu anafanya nini, na atakaa muda gani?

Somo la 4: Hesabu milango

Basi tuchague vipi? Jibu nililompa mdogo wangu ni hili: usitafute kozi yenye mshahara mkubwa kuliko zote. Tafuta kozi ambayo bei ya kitu kimoja ikianguka, bado una mahali pengine pa kugonga. Deni la Bodi ni la uhakika, kipato si cha uhakika, kwa hiyo unachonunua kwa deni hilo kiwe kinapunguza miezi ya kukaa.

Nikamtajia milango ya mtu wa jiosayansi hapa nyumbani.

Mlango wa madini anaujua. Lakini ndani yake kuna vyumba. Kuna migodi mikubwa, kuna utafutaji, kuna Tume ya Madini na ofisi zake mikoani, na kuna wachimbaji wadogo. Hawa wa mwisho tunawadharau, wakati ndio wanaochimba kwa kubahatisha kwa sababu hawana mtu wa kuwaambia mwamba unaelekea wapi. Mjiolojia anayejua kuongea na mchimbaji wa Geita au Chunya kwa lugha yake, akamchorea ramani anayoielewa, ana kazi hata mwaka ambao wawekezaji wamekimbia.

Mlango wa utafiti wa Serikali. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, pale Dodoma ndiyo yenye jukumu la ramani za nchi. Kwenye mpango wa Wizara unaoitwa Vision 2030, lengo ni kufikisha utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege kwenye asilimia 50 ya nchi, kutoka asilimia 16. Ndege ikishapita, lazima watu washuke chini wakaangalie mawe.

Mlango wa maji. Huu ndio mdogo wangu hakuufikiria kabisa, wakati yeye anatoka Singida na shida ya maji anaijua kuliko mimi. Dodoma yenyewe imekunywa maji ya visima vya Makutupora kwa miaka mingi. RUWASA, mamlaka za maji, mashirika na kampuni za kuchimba visima wote wanahitaji mtu wa kuonyesha wapi pachimbwe. Kisima kikavu ni hasara ya mamilioni. Na watu hawaachi kunywa maji bei ya dhahabu ikishuka.

Mlango wa ujenzi. Reli ya kisasa, mabwawa, madaraja na maghorofa yote yanakaa juu ya ardhi, na ardhi lazima ipimwe. Hapa jiolojia ya uhandisi ina nguvu.

Mlango wa majanga. Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang' iliporomoka, tope likashuka hadi Katesh, watu wakafa. Siku zile nchi nzima ilikuwa inauliza swali la mjiolojia: kwa nini, na wapi kwingine? Nafasi zenyewe bado ni chache, sitaki kukudanganya, lakini haja ipo na inakua.

Mlango wa jotoardhi. Jirani zetu Kenya wanazalisha umeme Olkaria kwa miaka mingi. Sisi tuna Ngozi na Kiejo-Mbaka kule Mbeya, bado tuko kwenye utafutaji.

Sasa weka kozi tatu mbele ya milango hii. Jiolojia ya jumla inagonga karibu yote, lakini hakuna hata mmoja inaoufungua yenyewe bila ujuzi wa ziada. Jiolojia ya uhandisi inafungua ujenzi vizuri, na maji na majanga inayafikia. Jiolojia ya petroli inafungua mlango mmoja mzito ambao ufunguo wake uko kwenye bei ya dunia. Simsemi vibaya mtu wa petroli. Anajua miamba tabaka na anajua kusoma picha za mitetemo ya ardhi kuliko sisi, na hayo yanahamishika kwenda kwenye maji na jotoardhi. Ila ajue mapema kwamba atahitaji kuhamisha, na achague masomo ya hiari kwa akili hiyo tangu mwaka wa pili.

Kozi yoyote utakayochukua, kuna vitu vinavyoongeza milango bila kuongeza deni. Jifunze kuchora ramani kwa kompyuta. Programu ya QGIS ni ya bure, na unaweza kuanza mwaka wa kwanza. Jifunze kuandika ripoti inayosomeka. Pata leseni ya udereva, maana saiti nyingi gari ni la kuendesha mwenyewe. Na fildi usiende kukusanya sahihi tu. Fildi ndipo watu wanapokuona ukifanya kazi, na ajira ya kwanza mara nyingi inatoka kwa mtu aliyewahi kukuona ukifanya kazi.

Somo la 5: Deni ambalo halina asilimia 15

Nilipompigia mdogo wangu baada ya zile siku mbili, niliomba niongee na mjomba mwenyewe. Nikamwamkia, nikamweleza mambo ya Bodi: kwamba deni lina kikomo, kwamba sasa haliongezeki kila mwaka, kwamba binti asipokuwa na mshahara hakuna mshahara wa kukata. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Sawa mwanangu. Hiyo ya Serikali nimeielewa. Na hiyo ya kwangu?”

Hapo nilikwama. Zile 5,160,000 za nyumbani hazina mkataba wala stakabadhi. Mjomba hawezi kukata asilimia 15 kwa mwajiri. Lakini ni deni, na sote tunajua linavyodaiwa: ada ya mdogo wako, dawa ya bibi, bati la nyumba. Linaanza siku unayopata mshahara wa kwanza, na hakuna anayekuambia umelimaliza. Kwa mtu anayebaki na 483,000, akituma nyumbani 100,000 kila mwezi, itamchukua miezi 52 kurudisha hizo hela peke yake. Na kijana wa kambini aliye kwenye ile miezi 5 ya kukaa atawaambia nini nyumbani, wakati kijijini wote wanajua “yuko mgodini”?

Kwa hiyo tunapopima kozi, mizani ina madeni mawili. La Bodi linajua kusubiri mshahara. La nyumbani halijui. Familia isiyo na uwezo ndiyo inayoumizwa zaidi na kipato cha kupanda na kushuka, hata kama jumla ya mwaka ni kubwa. Mtoto wa tajiri anaweza kukaa miaka miwili akisubiri bei ya gesi irudi. Mtoto wa mjomba hawezi.

Nikamwambia mjomba ukweli: kama nyumbani hakuna kitu kingine cha kuegemea, asiuze kiwanja kwa mkupuo. Ile asilimia 30 haidaiwi siku moja, ni 1,290,000 kwa mwaka, na vyuo vingi vinaruhusu kulipa ada kwa mihula. Ailipe kwa alizeti ya kila msimu. Kiwanja kikae, kiwe ndiyo akiba ya ile miezi ya kukaa. Na binti, kiwango cha Bodi kikitoka kidogo kuliko hali halisi ya nyumbani, akate rufaa dirisha la rufaa likifunguliwa, na aambatanishe nyaraka zote. Wengi tunakosa kwa uvivu wa nyaraka.

Zoezi la nyumbani

Chukua karatasi, siyo simu. Jibu maswali haya kabla ya kujaza kozi, au kabla ya kuhama kozi.

1. Nitakuwa nimekopa shilingi ngapi siku ya kuvaa joho? Zidisha mwenyewe, usisubiri Bodi ikuambie.

2. Nyumbani watakuwa wametoa shilingi ngapi, na wametoa kwa kuuza nini?

3. Asilimia 15 ya mshahara wa mwanzo wa kawaida, siyo wa kijiweni, italimaliza deni kwa miezi mingapi?

4. Kwenye fani hii, mtu wa miaka mitatu kazini amekaa bila kazi miezi mingapi? Waulize watu watano waliomaliza, na angalau wawili wawe ni wale ambao mambo hayakuwaendea vizuri. Hao hawapatikani kwenye mahafali, watafute.

5. Bei ya madini au mafuta ninayoitegemea ikishuka kwa nusu mwaka ninaomaliza, nitagonga mlango gani wa pili na wa tatu?

6. Je, kazi yenyewe naipenda? Swali hili nimeliweka mwisho kwa makusudi, lakini si dogo. Kwa miezi 115 ya makato, jua na malengelenge, mtu asiyependa mawe atachoka kabla deni halijaisha.

Swali la sita mdogo wangu alinirudishia mimi. “Kaka, ungechagua tena?” Nikamwambia nilichagua jiolojia kwa sababu mbaya, niliona gari la mgodi likipita kijijini. Lakini nimekaa kwa sababu nzuri. Ningechagua tena, ila ningeanza ramani za kompyuta mwaka wa kwanza badala ya wa tatu, na ningejua deni langu.

Alijaza jiolojia namba moja, jiolojia ya uhandisi namba mbili. Petroli aliiweka ya tatu. Alipata ya kwanza, na Bodi ikampangia kiwango kidogo kuliko tulichotarajia, rufaa ikamwongezea. Kiwanja cha mjomba bado kipo. Sasa yuko mwaka wa kwanza, na ana kadaftari ambako kila boom likiingia anaandika ndani ya jalada alichokopa mpaka siku hiyo. Wenzake wa chumba wanamcheka. Juzi mmoja wao alimwomba amsaidie kupiga ya kwake.